Jibu: Je, Schulze na Scholz ni jina moja?

Salaam ndugu. Umeuliza kama Schulze na Scholz, yaliyoandikwa katika vyeti viwili vya ukoo wa mkeo, ni jina moja, na lilimaanisha nini.

Asili ni moja: neno la Kijerumani cha kale sculdheizo, yaani mtu anayeamuru deni au wajibu utimizwe. Alikuwa mkuu wa kijiji aliyemkusanyia bwana wa ardhi malipo na kusimamia mashauri madogo, kazi inayokaribiana na ya jumbe kwetu. Scholz limeenea hasa Silesia, ambayo leo sehemu yake kubwa iko Poland, na huko mkuu wa kijiji bado huitwa sołtys, neno la chimbuko hilohilo. Wengine walilitafsiri kwa Kilatini, kama ukoo wa mtunzi wa muziki Michael Praetorius.

Mimi ninapofuatilia majina ya aina hii hutazama kwanza mahali pa kuzaliwa, kwa sababu karibu kila kijiji kilikuwa na Schulze wake na jina pekee halithibitishi undugu. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Prussia, dola kubwa kuliko zote za Ujerumani wakati huo, tarehe 1 Oktoba 1874 na Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876; kabla ya hapo tafuta vitabu vya kanisa. Omba nakala ya mwandiko wenyewe, maana katika Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani, herufi e hufanana mno na n.