Simu inakusaidia na we hujui

Mwanangu, waalaikumu salaam, sie huku Wete wazima alhamdulillah. Umeniuliza vipi sataranji (chess) kwenye simu unawafunga watu mpaka pointi zinapanda, halafu ukikaa na wenzako wa hosteli kwenye ubao wa mbao wanakula malkia wako mchana kweupe. Hujawa mjinga ghafla, simu ilikuwa inakufanyia kazi.

Hebu angalia, ukigusa farasi vinatokea vidoti kila anapoweza kwenda, mfalme akitishwa kijumba chake kinawaka nyekundu, ukitaka kwenda pasipokwendeka inagoma. Ubao kimya. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, mpinzani wala halazimiki kukwambia cheki (yaani mfalme wako katishwa), na ukigusa kete kwa nia ya kuicheza ndo ushacheza hiyo hiyo, na kwenye mechi ndefu ukicheza hatua isoruhusiwa mwenzio anaongezewa dakika 2, ukirudia umefungwa.

Halafu jicho. Simu unaiona toka juu, ubao unauona kwa ubavu, kwa hivo malkia mrefu anamziba askari alo nyuma yake, na askofu wa mwenzio (ile kete ya mshazari) kajikalia zake kona ya mbali huna hata habari kama mstari wake unafika mpaka kwako. Nahisi hapo ndo unapoliwa.

Simu usiiache lakini, Kasparov mwenyewe, bingwa wa dunia wa wakati ule, kafungwa na kompyuta ya IBM 1997, mashine si ya kudharau. Ila kwenye Lichess, ile programu ya kucheza sataranji ambayo bure, ingia kwenye seting uzime vidoti na ile rangi ya hatua ya mwisho, kisha weka ubao mezani pembeni, mwenzio akicheza hamisha kwa mkono, fikiri huku unautazama ubao ndo urudi kubonyeza simu. Chukua mechi za dakika 30, hizo za dakika 3 utaishia kuhamisha kete tu mpaka muda unakatika.

Hata vijana wa barazani hapa walojifunza bao kwenye simu ndo hivo hivo, simu inawatawanyia kete yenyewe, wakikamata kete mkononi mashimo 32 yako mbele wanapotea hesabu na wazee wanacheka.

Kama ubao wa hosteli unagombaniwa niambie, kuna fundi hapa anachonga mabao, ntamuuliza kama farasi anamuweza.

Baba yako