Kabla hujairusha sauti ya mheshimiwa

Jumanne usiku kijana mmoja anayeripoti redioni huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliniandikia WhatsApp: "Kaka, nina sauti ya mheshimiwa akiwatukana wapiga kura wake, walikuwa mezani wanakula. Niirushe asubuhi?" Nilimjibu neno moja tu, "Subiri," kisha nikakaa nje mpaka adhana ya alfajiri. Swali lile niliwahi kulijibu mwenyewe, nikalijibu vibaya, na mpaka leo linaniuma.

Ilikuwa hapa hapa Arua, wakati taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni ilikuwa yangu. Nasema bila kujificha: nilisikilizwa. Askari kambini, mama zetu sokoni, madereva wa malori ya Kongo wanaovukia Vurra, wote walikuwa wakipunguza kelele nikianza kusoma. Siku moja dereva wa mheshimiwa fulani akaniletea memori kadi. Mle ndani bosi wake yuko matangani, nyuma ya nyumba, amekaa na wazee wachache, na anasema watu wa huku ukiwapa sabuni na chumvi umewamaliza. Sekunde 22. Kampeni zilikuwa zimepamba moto. Nilisikiliza mara tatu, mwili ukanisisimka, nikairusha.

Siku ya tatu mzee mmoja aliyekuwepo matangani alifika redioni na fimbo yake. Hakufoka. "Mwanangu, yale hayakuwa maneno yake. Alikuwa anatusimulia alichoambiwa na mtu wake wa kampeni, na alimalizia kwa kusema ndiyo sababu alimfukuza." Mazungumzo yenyewe yalipita dakika 4. Dereva alikata mwanzo akakata na mwisho, kwa kuwa alikwisha hamia kambi ya pili. Mzee alipokuwa anaondoka aliniambia, "Sisi wewe tulikuamini."

Redio iliomba radhi, mara moja. Kosa lilitoka saa moja jioni, samahani ikasomwa saa nne asubuhi watu wakiwa mashambani. Saa hiyo sikuichagua mimi, na walioichagua sijawasamehe vizuri, lakini sauti iliyodanganya ilikuwa yangu.

Kilichofuata ndicho ninachotaka vijana wakisikie. Miezi kadhaa baadaye nilipata habari ya kweli kabisa: visima vilivyolipiwa na havikuchimbwa. Nilikuwa na nakala za malipo. Nilikwenda vijijini kwa bodaboda, nikasimama kwenye nyasi ambapo pampu ilitakiwa kuwepo, nikaongea na akina mama waliokuwa bado wanateka maji ya mto. Nikairusha. Mmoja wa waliohusika alisema sentensi moja tu: "Si ni yule wa memori kadi?" Mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyeulizwa, na akina mama wale waliendelea kushuka mtoni.

Usitegemee sheria ikusafishie jina. Februari 2004, katika kesi ya waandishi wenzetu Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda, Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo. Tulishangilia, na hata leo nashangilia, maana kosa lile lilitumika kuwatisha wanaosema. Lakini hakuna jaji anayeweza kumwamuru msikilizaji akuamini.

Wala sisemi tuogope maneno ya faragha. Kumbuka Mei 2013. Gazeti la Daily Monitor lilichapa habari ya barua ya siri ya Jenerali David Sejusa, wakati huo mratibu wa idara za ujasusi, iliyodai kuna mpango wa kumwandaa mtoto wa Rais arithi madaraka na kwamba wanaoupinga wanaweza kuuawa. Polisi wakaizingira ofisi yao, redio KFM na Dembe zikanyamaza, gazeti la Red Pepper nalo likafungwa, kwa siku kama kumi. Walitaka kujua barua ilitoka wapi, na waandishi wakakataa kumtaja aliyewapa. Walikuwa na pa kusimama: barua ipo, mwenyewe hakuikana, na jambo lilihusu nchi nzima. Mimi nilikuwa na sekunde 22 na dereva mwenye hasira.

Kwa hiyo sikiliza yote. Ukipewa kipande, dai kizima. Ukinyimwa kizima, huna habari. Jiulize aliyerekodi anapata nini. Mpigie mheshimiwa mwenyewe kabla ya kurusha, mpe nafasi ya kujibu, hata kama unajua atakutukana. Alichosema kuhusu fedha za wilaya, kura au ardhi ya watu, hicho ni chetu sote. Alichosema kuhusu ndoa yake au ugonjwa wake, mwachie. Akikuambia "hapo usiniandike" nawe ukakubali, basi umekubali. Na narudia: sikiliza yote!

Na wewe unayeishikilia sauti ili mheshimiwa akutumie "mafuta" kwa simu, jua unauza masikio ya watu waliokuamini. Mwanasiasa akikununua leo, kesho atawaambia wenzake bei yako, na siku utakapoleta habari ya visima hakuna atakayeinua kichwa. Kazi yetu ni kuwalinda wananchi dhidi ya wenye nguvu, na silaha tuliyo nayo ni moja: kwamba tukisema, watu wanajua ni kweli.

Kijana alinipigia Alhamisi. Alikuwa amempata mtu aliyerekodi, akakaa naye, akapewa mazungumzo yote. Jana saa moja jioni nilifungua redio. Aliicheza ndefu, na sahani zinasikika zikigongana, matusi yapo na yaliyotangulia matusi yapo. Kisha akasema mheshimiwa alipigiwa mara mbili, mara ya pili akakata simu. Nilikaa na redio yangu mpaka taarifa ikaisha.