Jumamosi ya Grand National nyumbani kwetu Tabata

Ndugu uliyeuliza kama Grand National, mbio kubwa za farasi za Uingereza, zinafaa kutazamwa na watoto, na kama inawezekana kuzitazama bila kuigeuza sebule kuwa kijiwe cha kubeti, ninakujibu kwa yale tuliyoyaona sisi wenyewe tangu mwaka 2019. Zinafaa, kwa masharti mawili: kila aliyeketi mbele ya runinga awe na farasi wake wa kumfuatilia, na mtu mzima awe tayari kuwaambia watoto ukweli endapo farasi ataumia. Sharti la pili tulilijua kwa kuchelewa, na ndilo lililonifanya niandike kwa urefu.

Aliyetuletea jambo hili ni baba yangu mdogo, ambaye alikuwa baharia na ambaye meli yake ilikuwa imetia nanga Liverpool mwaka 1977, mwaka ambao Red Rum alishinda kwa mara ya tatu. Farasi huyo alishinda mwaka 1973 na 1974, akashika nafasi ya pili mwaka 1975 na 1976, kisha akarudi kushinda akiwa na umri wa miaka 12. Mkufunzi wake, Ginger McCain, alimfanyisha mazoezi ufukweni Southport, juu ya mchanga, na maji ya chumvi yakamfaa farasi aliyekuwa na maradhi ya mfupa ndani ya kwato. Watoto wetu, ambao wamekwisha kukimbizana Kigamboni maji yakiwa yamekupwa, huielewa hadithi hiyo mara moja, na kila mwaka humtaka babu yao aisimulie upya mpaka pale Red Rum alipozikwa kando ya mstari wa kumalizia mwaka 1995.

Mbio zenyewe hukimbiwa Aintree, Liverpool, kwa kawaida Jumamosi moja ya mwezi Aprili. Zina umbali wa karibu kilomita 7 na miruko 30 juu ya viunzi, nazo huisha kwa dakika tisa au kumi tu. Ukiwaita watoto waje kutazama dakika kumi, watakuja na simu zao mkononi na kuondoka nazo. Kwa hiyo sisi huanza mapema. Baada ya chakula cha mchana majina ya farasi huandikwa kwenye vikaratasi, hukunjwa na kutiwa ndani ya kikapu cha ukindu, kisha kila mtu huokota kwa zamu, kuanzia bibi hadi mdogo kabisa. Zamani farasi walikuwa 40. Tangu mwaka 2024 hawazidi 34, na kwa kuwa sisi ni watu kumi na mmoja, wakitimia 34 kila mmoja hupata watatu na kikaratasi kimoja husalia. Hicho huwekwa chini ya kisahani cha karanga kwa ajili ya jirani yeyote atakayebisha hodi, na hajawahi kukosekana wa kubisha hodi.

Hakuna fedha inayotoka mfukoni. Shemeji yangu alikuja mwaka mmoja na mkeka wake wa kubeti tayari, akaombwa kwa heshima aufuatilie nje ya nyumba, naye alielewa. Mwenye farasi aliyeshinda haoshi vyombo usiku huo, na ndiye anayechagua kama Jumapili asubuhi tutakunywa chai kwa vitumbua au kwa mihogo ya nazi. Zawadi hiyo inatosha kabisa; nimewahi kumwona kijana wa miaka kumi na saba akiruka juu ya kochi kwa sababu ya vitumbua.

Kinachowashika watoto zaidi ni suala la uzito. Farasi aliye bora hubebeshwa uzito mkubwa kuliko wenzake, kwa vipande vya madini ya risasi vinavyopachikwa kwenye tandiko, ili walio dhaifu nao wapate nafasi. Baba mdogo huwaeleza kwa ndoo za maji: kaka mkubwa hujaziwa ndoo kubwa, mdogo hupewa kidumu, na wote hutakiwa wafike jikoni pamoja. Kisha huwasimulia mbio za mwaka 1973, ambapo Crisp aliongoza kwa mbali sana huku akiwa na zaidi ya kilo kumi juu ya uzito aliobeba Red Rum, akachoka katika kipande cha mwisho, na akapitwa hatua chache kabla ya kumaliza. Nusu ya sebule humhurumia Crisp mpaka leo, nami nimo katika nusu hiyo.

Bibi, kwa upande wake, anampenda Foinavon. Mwaka 1967 farasi asiye na mpanda alikatiza mbele ya kiunzi cha 23, farasi karibu wote wakagongana au kusimama, na Foinavon, aliyekuwa nyuma sana na ambaye hakuna aliyemtegemea, akapenya katika upenyo mdogo na kushinda. Tangu asikie kisa hicho, bibi hamruhusu mtu kulalamika kwamba ameokota farasi mbovu.

Kuhusu saa, nakushauri uzikague kila mwaka, na uhakikishe siku mbili kabla kwamba kifurushi cha king'amuzi chako kina chaneli itakayozionyesha. Mwaka 2022 na 2023 mbio ziliangukia ndani ya Ramadhani, nazo zilipangwa kuanza saa 1:15 usiku kwa saa zetu. Tulifuturu, tukaswali magharibi, tukarudi sebuleni na vikaratasi vyetu, na sijui kama tumewahi kuwa na jioni nzuri zaidi ya ile ya mwaka 2022. Tangu mwaka 2024 zimeanza saa 12 jioni, kwa hiyo farasi huwa wamekwisha kumaliza kabla ya adhana, na wapishi wana muda wa kurudi kwenye pilau.

Sasa nieleze mwaka 2023. Waandamanaji wanaotetea haki za wanyama waliingia uwanjani na kuzichelewesha mbio kwa karibu robo saa, na watoto wakauliza kwa nini. Tuliwajibu juujuu. Mpwa wangu wa kike, wakati huo akiwa na miaka minane, alikuwa ameokota Hill Sixteen, na alikuwa amekishika kikaratasi chake kwa mikono yote miwili mbele ya uso, kama mtu anayesoma barua. Hill Sixteen alianguka kwenye kiunzi cha kwanza, akafa. Mtoto hakuona vizuri, akaendelea kumtafuta mzunguko mzima, akiuliza, "Wa kwangu yuko wapi?" Kaka yangu akamwambia kwamba farasi wake amepumzishwa. Jumapili asubuhi binamu yake alimsomea habari kutoka kwenye simu. Hakulia, alikuja kumuuliza baba yake kwa nini alimdanganya, na baba yake hakuwa na jibu.

Baba mdogo ndiye aliyemkalisha barazani na kumweleza yote bila kupunguza: kwamba farasi hufa katika mbio hizi, kwamba wawili walikufa mwaka 2012, kwamba baada ya hapo miti migumu ndani ya viunzi iliondolewa na kuwekwa plastiki, na kwamba hata hivyo hatari haikuisha. Alimwambia pia kwamba ana haki ya kutotazama tena, na kwamba hakuna atakayemlazimisha.

Mwaka 2024 alirudi kwa hiari yake, na swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu kiunzi cha kwanza. Tuliweza kumjibu: kilikuwa kimesogezwa karibu na mahali pa kuanzia, ili farasi wasikifikie kwa kasi kubwa. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayempongeza mshindi kabla mtoto huyo hajapata uhakika wa farasi wote. Mwaka ule wote 32 waliokimbia walirudi salama, na ndipo mshindi, I Am Maximus, akapigiwa makofi. Mwaka 2025 Celebre d'Allen, farasi wa miaka 13, alidondoka katika kipande cha mwisho, nasi tulimwambia palepale kwamba yuko mikononi mwa madaktari wa mifugo na kwamba hatujui atakuwaje. Aliuliza Jumapili, akauliza Jumatatu. Habari ya kifo chake ilipofika, kaka yangu alimweleza mwenyewe, kabla hajaisikia kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama watoto wako hawajafikia umri wa kuelezwa jambo hilo, waache waokote vikaratasi na wasikilize hadithi za Red Rum na Foinavon, kisha watoke nje wakacheze wakati wa mbio. Wetu wawili wadogo ndivyo wanavyofanya, na huingia mbio mbaya sana za kwao uani, wakiruka ndoo na vigoda, mpaka tuwaite kula.