Sabuni Imenigomea: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Majibu yafuatayo yanatumia fomula moja ya sabuni ya kipande ya kuogea, isiyopikwa: mafuta ya nazi gramu 300, mawese gramu 400, alizeti gramu 300, kostiki soda (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 144 na maji gramu 288. Kostiki imepunguzwa asilimia 5 chini ya kiasi ambacho mafuta hayo yangeweza kumeza, ili yabaki mafuta kidogo ya kulinda ngozi. Vyote hupimwa kwa mizani, hata maji.

Kostiki niliipima kwa mizani, mafuta nikayapima kwa jagi, jumla lita 1. Sabuni imeshika vizuri lakini inawasha, na nikiigusisha ulimi inachoma kama betri. Nimekosea wapi?

Kosa liko kwenye jagi. Lita 1 ya mafuta haifiki kilo 1. Uzito wake ni takriban gramu 920. Kwa hiyo mafuta yako yalipungua gramu 80 hivi, na kostiki ikabaki ileile gramu 144. Mafuta gramu 920 ya mchanganyiko huu yanameza kostiki gramu 139 tu, hata usipobakiza mafuta ya ziada. Zile gramu 5 hivi zilizosalia hazikupata mafuta ya kugeuza sabuni, na ndizo zinazokuchoma.

Usiitupe, inatengenezeka. Vaa glavu na miwani ya kujikinga, kisha ikwangue yote iwe vipande vyembamba. Weka kwenye sufuria ya stenilesi pamoja na maji gramu 100 na zile gramu 80 za mafuta zilizokosekana, alizeti inafaa. Sufuria hiyo iweke ndani ya nyingine kubwa yenye maji yanayochemka polepole, funika, na koroga kila baada ya dakika 10 au 15. Baada ya saa moja hadi mbili itakuwa rojo zito linalong'aa kidogo. Ishindilie kwenye kasha ikiwa bado ya moto, maana ikianza kupoa hailainiki tena. Uso wake hautakuwa laini kama wa sabuni ya mara ya kwanza, lakini itasafisha vilevile. Rudia kipimo cha ulimi baada ya siku 2: lowanisha kidole, kisugue kwenye sabuni, gusisha ncha ya ulimi, kisha sukutua. Kama bado inachoma, haifai kugusa ngozi.

Wapo wanaoshauri kumwagia siki. Tunawasihi msifanye hivyo kwa kukisia. Siki ikizidi huanza kuvunja sabuni yenyewe, na utabaki na kitu chenye mafuta na kunata.

Nimekosa mawese. Naweza kuweka nazi mahali pake, vingine vibaki vilevile?

Nazi unaweza kuweka, lakini kostiki haiwezi kubaki ileile. Kila mafuta yana kiasi chake: gramu 100 za nazi zinadai kostiki gramu 18.3 kugeuka sabuni kabisa, mawese gramu 14.1, alizeti gramu 13.4. Ukiondoa asilimia 5 ya usalama, kila gramu 100 unazohamisha kutoka mawese kwenda nazi zinaongeza kostiki gramu 4. Ukihamisha zote 400, utahitaji gramu 160. Ukibaki na 144 utapata sabuni laini yenye mafuta mengi yasiyogeuka. Ukikosea upande wa pili, yaani utoe nazi uweke mawese bila kupunguza kostiki, utapata sabuni inayochoma, na hilo ndilo kosa la hatari. Ujue pia kwamba nazi nyingi hutoa povu jingi lakini hukausha ngozi.

Nilikoroga hadi ikawa nzito kama uji, nikamimina. Asubuhi nikakuta mafuta yameelea juu na chini kuna maji.

Ule uzito ulikudanganya. Mawese na nazi vikipoa sana huganda, na mchanganyiko huonekana mzito hata kama kostiki haijaanza kazi yake. Uzito wa kweli hautoki ukiupasha moto, na tone ukilidondosha kutoka kwenye mwiko huacha mstari juu ya uso kabla ya kuzama. Safari ijayo mafuta na maji ya kostiki yote yawe karibu nyuzi 40 unapoyachanganya. Kwa mwiko mtupu kazi inaweza kuchukua saa nzima. Kwa blenda ya mkono ni dakika chache, ukiiwasha sekunde chache na kuizima.

Hiyo iliyotengana irudishe yote kwenye sufuria, pamoja na yale maji ya chini, kwa kuwa ndiyo yenye kostiki, vaa glavu. Ipashe hadi nyuzi 45 hivi na ukoroge upya. Ukiyamwaga maji hayo, vipimo vyote vimeharibika.

Wiki imepita na sabuni bado inabonyea. Nilitumia alizeti tupu.

Alizeti tupu hutoa sabuni laini, na hata ikikomaa huyeyuka haraka bafuni. Iache kwenye kibao chenye hewa miezi 2 au 3, kisha uamue. Ila kama fomula yako ina nazi na mawese ya kutosha na bado inabonyea, ichunguze kostiki. Kopo likiachwa wazi, kostiki hunyonya unyevu na hewa ukaa, na sehemu yake hugeuka kuwa kitu dhaifu kisichogeuza mafuta. Ikishashikana mabonge, gramu 144 za kwenye mizani si gramu 144 za kostiki tena. Tumia mpya, na ihifadhi kwenye chombo kinachofungwa kabisa.

Sasa, kwa nini nisitumie magadi? Si ni salama zaidi?

Ni salama zaidi kwa sababu ni dhaifu, na udhaifu huohuo ndio unaoyafanya yashindwe kugeuza mafuta ya kupikia kuwa sabuni. Yakichanganywa na chokaa iliyozimwa kwa maji, hutoa kostiki, na ndivyo ilivyokuwa ikitengenezwa zamani. Ila nguvu yake nyumbani huwezi kuijua, na bila kuijua huwezi kupima.

Ule unga mweupe juu ya sabuni ni kostiki iliyozidi?

Mara nyingi sivyo. Ni kostiki ya usoni iliyokutana na hewa kabla haijageuka sabuni, na haidhuru. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Ili kuuzuia, funika kasha saa 24 za kwanza. Lakini kama ni punje ngumu au vishimo vyenye majimaji *ndani* ya kipande ulichokata, usitumie: hiyo ni kostiki ambayo haikuyeyuka au haikuchanganyika.

Nilipotia kostiki sufuria ilichemka na kutoa povu, ikawa nyeusi.

Sufuria hiyo ni ya alumini. Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, inayowaka moto. Tumia stenilesi au plastiki ngumu inayohimili joto, kwani maji ya kostiki huweza kupanda nyuzi 80 na zaidi. Na siku zote kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, mahali penye hewa. Ukimwagia maji juu ya kostiki, yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Ikikugusa, vua nguo iliyolowa na suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Ikiingia jichoni, suuza hivyohivyo na uwahi hospitali.

Baada ya miezi 4 sabuni imetoa madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta mabovu.

Mafuta ya ziada yameoza. Alizeti huharibika mapema kuliko nazi na mawese, na kuyatumia yakiwa ya zamani huharakisha madoa, kama ilivyo kuanika sabuni juu ya waya wenye kutu au kuifunga kwenye nailoni kabla haijakauka. Yenye madoa bado inafaa kufulia. Katika fomula ya juu unaweza kushusha alizeti hadi gramu 150 na kupandisha mawese hadi 550. Kostiki iwe gramu 145.