Jani jipya linachanika

SWALI: Mhariri, filodendroni yangu yenye majani ya mahameli, niliyopewa na shemeji, hutoa majani yaliyochanika, ingawa naimwagilia kila asubuhi. Nifanyeje? Msomaji, Tabora.

JIBU: Ndugu msomaji, mmea huo ni wa misitu yenye unyevu ya Kolombia, ambako hukwea miti kwa mizizi ya hewani, yaani inayoota shinani nje ya udongo, hivyo hewa kavu ya kiangazi cha Tabora hulifanya jani changa linase kwenye ala yake, yaani kifuko kinachoifunika chipukizi, na kuchanika linapojikunjua. Kumwagilia kila siku hakuondoi ukavu wa hewa, bali huozesha mizizi. Subiri udongo wa juu ukauke, kisha simamisha chunguni nguzo iliyoviringishwa makumbi ya nazi, uiloweshe, mizizi ipate pa kushika. Jani lililokwisha kuchanika haliungi, liache tu.