Jina langu liko jaladani, mbona kitabu si changu?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi huwapaka maharusi hina na piko. Nilinunua mtandaoni kijitabu cha kurasa 40 kuhusu utunzaji wa ngozi, chenye haki za PLR (private label rights, yaani ruhusa ya kuhariri maandishi ya mtu mwingine na kuyawekea jina lako). Nikaweka jina langu jaladani, nikawa nawauzia wateja kwa shilingi 300. Juzi nimekiona kijitabu kile kile, neno kwa neno, kina jina la dada wa Likoni. Naweza kumshtaki?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam, dada. Kwa maandishi hayo, hapana. Ulichonunua ni ruhusa ya kuyatumia, na ruhusa hiyo huuziwa watu wengi. Huenda mwenzako wa Likoni naye ana risiti kama yako.

Hakimiliki ndiyo umiliki wenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mtunzi huipata pindi anapoiandika kazi yake, hata asipoisajili, nayo hudumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Haihamii kwa mtu mwingine kwa maneno matupu. Lazima pawe na maandishi yenye saini. PLR ni leseni tu. Unaruhusiwa kuhariri, kuweka jina lako na mara nyingi kuuza, lakini mwenye mali ni yule yule.

Sasa fungua folda uliyopakua, uitafute faili ya leseni na kuisoma mstari kwa mstari, kwani masharti hayafanani. Moja itakuruhusu kuuza nakala lakini si kumuuzia mwingine haki ya kuuza. Nyingine itakataza kugawa bure. Picha za ndani mara nyingi zina masharti yake mbali. Usipoikuta faili hiyo, simamisha mauzo hadi muuzaji akupe. Tunalisisitiza hili kwa sababu vifurushi vingine huuzwa na watu walionakili kazi ya wenyewe. Asiye na mali hawezi kukupa leseni, na mwenye kazi akijitokeza atakudai wewe uliyeuza nakala. Hifadhi risiti na picha ya ukurasa ulikonunulia.

Ukitaka kitu chako, kubadilisha maneno mawili matatu hakutoshi. Andika unayoyajua wewe: liwa unavyoisaga, piko linavyowasha ngozi nyepesi na jinsi ya kulijaribu kwanza, michoro yako uliyoipiga picha mwenyewe. Sehemu hizo zina hakimiliki yako, na akizinakili mtu, hapo una kesi. Zisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, upate cheti cha ushahidi. Usisajili kijitabu kizima kama kazi yako.

Njia nyingine ni kumlipa mwandishi akuandikie. Kwa sheria yetu hakimiliki ya kazi ya kuagizwa humwendea aliyeagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Hata hivyo, wekeni mapatano kwenye karatasi na mtie saini kabla hujatuma pesa.