Maswali ya Wasomaji: Nani alikifungua kipindi cha Tonight?

SWALI: Mhariri, naomba mtuamulie ubishi. Mwenzangu anashikilia kwamba Johnny Carson ndiye mwanzilishi wa Tonight, kile kipindi cha usiku cha mazungumzo na vichekesho cha NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani. Mimi nasema ni Steve Allen. Nani kapatia? Tena, mtu mmoja aliwezaje kujaza muda mrefu hivyo kila usiku, moja kwa moja hewani?

JIBU: Umepatia wewe. Carson alikikalia kiti cha mwendeshaji karibu miaka 30, kuanzia Oktoba 1962, ndiyo maana wengi humdhania mwanzilishi. Lakini Allen alikifungua kipindi tarehe 27 Septemba 1954, katika ukumbi wa Hudson jijini New York, baada ya kukiendesha kwa zaidi ya mwaka kwenye kituo cha NBC cha jiji hilo pekee.

Swali lako la pili ndilo lenye uhondo. Kipindi kilianza saa 5:15 usiku, kikaisha saa 7:00. Hizo ni dakika 105, siku tano kwa wiki, na hakuna waandishi wanaoweza kutunga vichekesho vya kuzitosha. Dawa yake Allen aliipata mapema, redioni, kwenye kituo cha KNX cha Los Angeles. Usiku mmoja mgeni wake, mwimbaji Doris Day, hakutokea. Allen akabeba maikrofoni, akashuka kuongea na watu waliokaa ukumbini.

Kwenye runinga mchezo huo akaufanya uti wa mgongo wa kipindi. Alivaa kofia ya mwandishi wa habari, akasoma kwa ghadhabu barua halisi za wasomaji wa gazeti. Alivaa sare ya polisi, akatoka barabarani kusimamisha magari, kamera ikimwangalia. Kinachochekesha hapo ni mtu asiyejiandaa. Ukimfundisha la kusema, umeshaharibu. Na mwendeshaji akiwaza swali lijalo, jibu zuri linampita. Kwa kusikiliza, Allen aliwazidi wengi waliomfuata.

Kilichomwondoa ni mzigo. Juni 1956 NBC ilimwongezea kipindi cha Jumapili, ashindane na Ed Sullivan, mwendeshaji wa kipindi kwenye mtandao mpinzani wa CBS. Oktoba, mchekeshaji Ernie Kovacs akaanza kumshikia Jumatatu na Jumanne. Januari 1957 Allen akaaga. NBC ikaleta ripoti kutoka miji mbalimbali badala ya mazungumzo, watazamaji wakakimbia. Kufikia mwisho wa Julai mazungumzo yalikuwa yamerudi, na kiti amekikalia mwendeshaji mpya, Jack Paar.